Kidole, Sauti na Nani-Kasema

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeigeuza bahasha hii mara mbili kabla ya kuifungua, maana mara ya mwisho kukuandikia barua nilikuwa na mapengo mdomoni na nilikuwa naomba baiskeli. Baiskeli sikuipata, lakini hilo tuliache.

Huku hatujambo. Mama anakusalimu. Baba mguu wake umepona, na kwa kuwa alizoea kupumzika wakati anauguza, sasa amejipa kazi ya utangazaji wa ukoo. Kila asubuhi anatuma kwenye kundi la familia habari alizotumiwa na watu ambao nao walitumiwa. Nadhani uliiona ya juzi, ya daktari anayeonya tusilale na simu karibu na vitunguu. Mama alimuuliza ni nani hulala na vitunguu. Akatuma nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ule utafiti wangu umepata kibali. Tunachunguza jinsi watoto wa shule za msingi wanavyojifunza kutumia vyombo vya kidijitali. Si kubonyeza tu, bali kutafuta habari, kuisoma na kujua ipi ya kuamini. Nilipopewa shule zilizopokea tableti za mradi, nikaiona yako, na darasa lenyewe ni lako. Nikamwambia msimamizi wangu hapohapo kwamba mwalimu huyo ni shangazi yangu. Msimamizi huyo ni mama makini, hacheki mpaka kazi iishe. Akasema basi wewe hutawapima watoto wake, atakwenda mwenzako. Na lolote mtakaloandikiana kuhusu kazi hii liwe kwenye karatasi, nakala ibaki ofisini. Ndiyo maana hukupigiwa simu.

Sikufichi uzito wake. Mradi utasoma ripoti yetu kabla ya kuamua darasa lipi libaki na tableti na lipi linyang'anywe wapewe wengine. Kwa hiyo nakuomba uniandikie jinsi unavyofundisha nazo, kama ilivyo, bila kuipamba.

Mwanao,
Kasuku

27 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa miaka yote ambayo hukuniandikia. Mimi ni mzima. Bati la darasa langu linavuja upande wa mlango tu, kwa hiyo upande huo tumeuachia maji mpaka mvua ziishe. Jirani yangu fundi cherehani amepata mjukuu na hatupumui kwa kusimuliwa uzuri wa masikio yake. Msalimu mama yako. Na wewe mama unayesoma nakala hii huko ofisini, hujambo? Mtazame mwanangu, anasahau kula akiwa na kazi.

Tableti zetu ziko salama. Ziko kwenye kabati la chuma ambalo zamani lilikuwa la chaki, na ufunguo uko shingoni mwangu. Asubuhi tunazitoa, kila kundi moja yake, mchana tunazifuta vumbi kwa kitambaa cha pamba, jioni zinarudi kuchajiwa. Mkuu wa shule anasema nazitunza kuliko nilivyotunza ndoa. Nilimwambia ndoa haikuja na kabati.

Zile habari za vitunguu za kaka yangu niliwapa watoto darasani. Kabla kengele haijalia walikuwa wameshazimaliza. Yule daktari pichani ni muuza magodoro, picha yake imo kwenye tangazo lake mwenyewe, koti jeupe na yote. Mwambie baba yako kwamba tunamshukuru kwa zana za kufundishia na tunasubiri nyingine.

Unauliza ninafundisha vipi. Ninafundisha vizuri. Andika hivyo.

Usiujali ukubwa wa mwandiko, kalamu hii ni mbovu.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ofisini, tunakokaa watu watatu meza moja, dirisha likitazama jiko la kantini. Nilicheka mpaka mpishi akaacha mwiko akachungulia. Msimamizi aliposoma nakala alifika kwenye salamu zake akaniuliza kama nimekula.

Baba nimemfikishia. Amenuna siku nzima, halafu akatuma habari ya samaki mwenye meno ya binadamu, akaandika chini yake, hii ni ya kweli.

Lakini shangazi yangu, "ninafundisha vizuri" siwezi kuiweka kwenye utafiti. Watoto waligunduaje kuhusu muuza magodoro? Nani alitafuta ile picha, na alijuaje pa kuitafuta? Hapo ndipo penye dhahabu yangu, na wewe umeniruka juu kwa juu ukanipeleka kwenye kabati.

Mwenzangu anakuja kwenu baada ya wiki mbili. Ni kijana mpole, usimtishe. Kila mtoto atakaa peke yake na tableti, atapewa maswali ya kutafuta habari fulani, kuisoma na kusema kama ni ya kuaminika. Wewe utaombwa kusubiri nje.

Na hiyo kalamu mbovu, nakutumia mpya ndani ya bahasha. Maneno manne kwa mstari mmoja, shangazi! Karatasi zitakuisha.

Kasuku

2 Aprili

Kasuku,

Kalamu imefika, ahsante, ni nzuri. Mwandiko unavyouona ndivyo ulivyo. Mjukuu wa fundi cherehani ameanza kutabasamu, tumeitwa wote tukashuhudie. Yule samaki wa kaka yangu meno yake ni ya bandia, kuna msanii huwa anawatengeneza. Watoto wamempata pamoja na bei zake.

Mwenzako alikuja. Kweli ni mpole, na viatu vyake vilikuwa vipya mpaka alipopita mlangoni kwetu. Nilisubiri nje kama nilivyoambiwa, lakini dirisha halina pazia na mimi sina adabu kiasi hicho. Nikamwona Kidole wangu amekaa peke yake, anafungua hiki na kile kwa kasi yake ile, halafu anageuza shingo kumtafuta Sauti, na Sauti hayupo. Sauti alipoingia, aliikalia tableti mikono mapajani, hajui aguse wapi. Na Nani-Kasema, huyo alimkazia macho mwenzako akamuuliza swali lile amelitunga nani na alitaka kujua nini. Mwenzako akaandika kitu. Sikuupenda mwendo wa kalamu yake.

Nilitaka kuingia. Nilishika kitasa kabisa. Kisha nikaogopa kukuharibia kazi, nikarudi kwenye benchi.

Sasa niambie na mimi bila kuipamba. Tumefaulu?

Shangazi

20 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Hatuumwi. Mama amepaka rangi jikoni na Baba ameipinga rangi yenyewe kwa ushahidi aliotumiwa na rafiki yake. Mimi nimekuwa nikianza barua hii na kuikunja. Kikapu cha taka chini ya meza yangu kimejaa "Shangazi mpendwa".

Matokeo siruhusiwi kuyasema mpaka ripoti ikamilike. Najua nikikuambia siruhusiwi wewe umeshajua la kujua. Sina jingine la kuandika hapo.

Ila kuna ninaloruhusiwa kuuliza. Majina hayo, Kidole, Sauti, Nani-Kasema, si ya nyumbani kwao. Ni ya kazi gani? Mwenzangu ameandika kwamba watoto wa darasa lako waligeuza vichwa muda wote kana kwamba wamezoea kunakili. Kuhusu mmoja ameandika, mkaidi, hakujibu chochote. Ofisini kwetu neno kunakili ni zito, shangazi. Likiingia kwenye ripoti jinsi lilivyo, tableti zimekwenda.

Na jingine. Katika barua zako zote unazifuta tableti, unazifungia, unazichaji. Hakuna mahali umeniambia umesoma kitu ndani yake. Darasani kwako ni nani anayesoma?

Nakuuliza kama mtafiti na nakuuliza kama mtoto wako.

Kasuku

3 Juni

Kasuku,

Leo sikupi salamu za watu. Nilipoipata barua yako nilikasirika nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Watoto wangu hawanakili. Niliwafundisha kusoma wakiwa hawajui kufunga vifungo vya mashati. Kisha hasira zikaisha nikabaki na nguo zilizolowa, nikaona bora nikuambie.

Macho yangu yamekwenda. Hayajakwenda yote. Ubaoni naandika kwa mazoea, na sura za watoto nazijua hata kwa kikohozi. Lakini mwanga wa tableti ukinipiga naona ukungu tu, kama kioo cha bafuni. Siku tableti zilipofika nilizifungua mbele ya darasa, nikatazama, sikuona kitu. Watoto wote wananingoja. Nikasema tu, haya, wewe wa mbele una vidole vyepesi, njoo ubonyeze ninakokuambia. Wewe mwenye sauti, soma kilichotokea, na usome polepole. Na wewe msumbufu usiyekubali hata jibu la kujumlisha, kazi yako ni moja. Kila kinachosomwa, uliza nani kasema, amekijuaje, na lini.

Ilikuwa ni kujiokoa, mwanangu. Sikuwa na mbinu yoyote. Lakini wakaipenda. Kesho yake kila kundi likawa na Kidole wake, Sauti wake na Nani-Kasema wake. Wa mbele ndio waanzilishi, na majina yamewaganda. Wale wasiokuwa na cheo wanabishana, na hapana jambo linalopita mpaka Nani-Kasema aseme ameridhika. Yule wangu wa mbele ni msichana mdogo mwenye pengo, haridhiki kirahisi. Siku moja walikuwa wanasoma habari za mbu, akawarudisha nyuma mpaka wakaona kwamba ukurasa ule ni wa kampuni ya kuuza vyandarua. Akasema tutafute mtu asiyeuza kitu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na ukungu wangu, machozi yakanitoka, nikasema ni vumbi la chaki.

Ndiyo maana wamegeuza vichwa. Mmewatenganisha. Mmemwambia Kidole asome na Sauti abonyeze, na yule msichana mkampa maswali badala ya kumwachia ayaulize.

Ukiandika haya kwenye ripoti, wataniambia macho yamechoka nikapumzike nyumbani. Usipoandika, watoto watanyang'anywa. Nimekuwekea mzigo na najua. Nilinyamaza kwa kuogopa, na sasa nimechoka kuogopa. Fanya unaloliona sawa.

Na wewe mama wa nakala, umesikia yote. Sikuombi kitu.

Shangazi yako

28 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo kwa mikono miwili. Barua yako niliisoma dirishani, na mpishi wa kantini amenitumia chai bila kuuliza. Nililia. Kisha nilipofika kwa yule mwenye pengo na kampuni ya vyandarua nikacheka na machozi yakiwa yananitiririka, na wenzangu wakaona wapeleke meza upande mwingine.

Nilikaa na barua ile mezani siku kadhaa. Nikikwambia sikufikiria kuificha, nitakuwa nakudanganya. Lakini nisingeweza kusimama kutafiti jinsi watoto wanavyotambua ukweli huku mwenyewe nimeukalia. Nikaiweka kwenye faili, nikampelekea msimamizi kwa mkono.

Alisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya utani, "Unataka tubadilishe kipimo kwa sababu ya shangazi yako?"

Nikamwambia hapana. Nataka tuwapime madarasa yote mara mbili, kila mtoto peke yake na kila kundi pamoja, kwa sababu hatukuwahi kujiuliza watoto wanasoma vipi kabla ya kuwapima. Nikasema mimi nisikaribie usahihishaji, majina ya shule yafichwe, na darasa la shangazi likianguka lianguke.

Akakaa. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kutuma barua ya maana bila kumwita mtu aiangalie, na kwamba alikuwa hajawahi kufikiria hilo kama namna ya kusoma. Halafu akacheka, shangazi! Kazi ikiwa haijaisha. Kipimo cha pili kimepitishwa, na mwenzangu anarudi. Safari hii atavaa ndala.

Sasa macho. Mama anasema dada yake mkubwa alikuwa na ukungu huohuo, ukaitwa mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji na sasa anaona mpaka vitu asivyotakiwa kuona. Ukungu wako labda ni huo, labda sio, atasema daktari. Baba anakuja kukuchukua mwezi ujao akupeleke hospitali na akae nawe mpaka upone. Usibishe, ameshafunga begi. Ndani ameweka habari zake zote alizozichapisha, anataka kumkabili yule msichana ana kwa ana.

Msimamizi ameniambia nikuandikie maneno haya: hajambo, na anakula.

Mwanao,
Kasuku

9 Septemba

Kasuku wangu,

Hebu utazame mwandiko huu. Utazame vizuri. Maneno kumi na mbili kwenye mstari, na nafasi imebaki. Ulikuwa ni mtoto wa jicho kweli, kwenye yote mawili. Wamelitoa la kulia kwanza na la kushoto baadaye. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza nilichokiona ni kaka yangu. Sikujua kwamba amezeeka hivyo. Nikamwambia, na yeye akasema daktari amekosea kitu.

Amekaa kwangu wiki nyingi kuliko tulivyopanga, na hata nilipokuwa nyumbani nikiuguza macho alikuwa darasani kila siku, kiti cha nyuma. Yule mwenye pengo alizipitia habari zake zote mbele yake, moja baada ya moja, kwa heshima kabisa, akimwita babu. Zilizobaki ni mbili. Kaka yangu amezitia kwenye bahasha kama vyeti. Siku hizi kabla hajatuma kitu kwa ukoo anamngoja msichana wakati wa mapumziko, na nyinyi huko mlidhani simu yake imeharibika.

Mwenzako alikuja kwa kile kipimo cha pili kabla sijakwenda hospitali. Nilikaa benchi lilelile. Dirishani sikuchungulia, lakini nilisikia. Safari hii hakukuwa na ukimya ule ulioniogofya. Walikuwa wanabishana. Sauti anasoma, wengine wanamkatiza, Kidole anarudisha nyuma, na yule wangu anauliza anayoyauliza. Walichelewa sana kumaliza. Mwenzako alitoka nje anapangusa jasho, akaniambia kwamba hajawahi kuhojiwa vile na watu wafupi vile. Nikajua hapo kwamba hata tukianguka, tumeanguka kwa jinsi tulivyo.

Wiki iliyopita niliitwa shuleni, na mkuu wa shule akasoma barua ya mradi mbele ya mstari wa asubuhi. Tableti zinabaki. Kipimo cha peke yako tumekuwa wa mwisho, mkuu hakulificha. Kipimo cha pamoja, kulikuwa na ukurasa mmoja wa uongo uliotegwa katikati, na makundi mengi nchi nzima yaliupita yakauamini. Yetu yote yaliukataa. Watoto walipiga makofi na mimi nikalia bila kusingizia chaki. Wewe hukuniandikia kabla, na nimeelewa kwa nini. Umelelewa vizuri, nami nilikuwepo.

Sasa nikuambie la jana, maana ndilo lililonifanya nikamate kalamu.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kurudi darasani. Watoto waliniimbia, nikawaambia sasa mwalimu wenu anaona. Nikaitwaa tableti ya kundi la mbele, nikaishika mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikabonyeza mwenyewe, nikasoma mwenyewe. Usinicheke, nilijisikia kama niliyepanda ile baiskeli yako. Likanijia tangazo kwamba shule zote zitafungwa mapema muhula huu, Ijumaa hii hii. Nikalisoma kwa sauti, kwa mbwembwe zote. Darasa likalipuka. Kaka yangu kule nyuma ameshatoa simu awatangazie nyinyi huko.

Kidole hakufurahi, alikuwa anaitazama mikono yake. Sauti alikuwa amekisogeza kiti chake pembeni. Nikaona, kwa sababu sasa naona, kwamba watoto wawili wanadhani kazi yao imekwisha. Yule mwenye pengo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umesoma peke yako," akasema. "Nani amekukagua?"

Nikataka kucheka. Akaja mbele, akaniomba nirudi juu ya ukurasa, nikarudi. Tangazo ni la kweli kabisa, limetoka wizarani kabisa, na ni la mwaka juzi.

Kaka yangu akarudisha simu mfukoni polepole. Darasa zima likanitazama kuona mwalimu atafanyaje. Nikampa Kidole tableti, nikamwambia Sauti avute kiti chake karibu, na mimi nikakaa pamoja nao kwenye benchi, kwa wale wasiokuwa na cheo. Nikasema haya, tuanze upya, na safari hii na mimi naruhusiwa kubishana.

Yule mwenye pengo akafikiri kidogo, kisha akasema ameridhika.

Shangazi yako